Nipishe

Kishikwambi, ndivyo kilivyoandikwa kwenye fomu niliyosaini.
Hapa kwetu Hombolo hakuna anayekiita hivyo.
Jina lake ni Nipishe,
kwa kuwa ndilo neno linalotangulia mkono.

Kilinijia wakati wa sensa.
Nilizunguka nacho vitongoji, kizibao kimenibana,
viatu vimejaa vumbi, nikiuliza kila mlango:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa?
Nilipofika kwangu nilibisha hodi kama mgeni.
Mama mkwe akanijibu kwa taratibu zote:
"Nilizaliwa mwaka nzige walipokula hata mlango.
Andika huo."
Tulikuwa watano.

Kisha hesabu zikafutwa, kikarudi kwetu walimu
kitupu, kama kibuyu kilichosuuzwa.

Alfajiri ni changu.
Naandaa sehemu na desimali za darasa la tano,
kidole kinateleza kwa mafuta ya maandazi,
robo inageuka nusu, naifuta, naanza upya.

Jumamosi saa nne anakichukua Bibi Mbeleje.
Miwani yake ilikanyagwa na mbuzi tangu Pasaka.
Anaweka vidole viwili juu ya kioo, anavitanua
kama anayekagua jicho la ndama,
na herufi zinanenepa, zinanenepa,
hadi neno moja linajaza ukurasa.
Hivyo amemaliza kijitabu cha homa ya mapafu ya mbuzi,
neno baada ya neno, Jumamosi kumi na moja,
na bwana mifugo siku hizi
akimwona uani hupitia nyuma ya kanisa.

Jioni, Ndahani.
Miaka tisa, vidole gumba havina breki.
Gemu lake ni shamba: unalima, unapanda,
ukigusa wingu, mvua inanyesha.
Nje, mawingu ya Novemba yalishapita
kuelekea Kongwa, hata salamu hayakutoa.
Bibi akachungulia begani kwake.
"Mvua hiyo ni ya wapi?"
"Ya humu ndani, bibi."
Akanyamaza. Akavuta kigoda.
"Iguse tena."

Saa tatu usiku Yaredi hupiga kutoka Tunduma;
lori lake liko kwenye foleni ya mpakani, siku ya nne.
Tunabanana mbele ya kioo:
paji langu, kidevu cha Bibi, sikio la Ndahani.
Mtandao ukiyumba uso wake unaganda, mdomo wazi,
na neno lililokuwa njiani tunaligombania.
Mimi nasema alikuwa anasema nakuja.
Sechelela anashikilia: nakula.
"Baba ameisha chaji?" anauliza mdogo wake,
na hakuna anayecheka upesi.

Halafu Sechelela anakwenda nacho kitandani,
eti kurudia kemia. Mwanga unapenya blanketi
kama chungu kinachochemka taratibu.
Najua ni riwaya. Nilimkuta ukurasa wa mia mbili na sita,
macho mekundu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.
Nikarudisha blanketi.

Asilimia nne.
Nakichomeka kwenye betri ya sola, kioo kinazimika,
na kwa mwanga wa kurunzi naona kilichobaki juu yake:
madoa ya gumba, mengi, yote pembeni palipo na wingu;
michirizi miwili ya Bibi inayoachana kama njia panda;
alama ya shavu la aliyekilalia;
mafuta yangu ya asubuhi.
Watatu, na mimi wa nne.

Namtafuta wa tano.
Alama zake ziko kwenye kioo kingine,
mfukoni, mpakani,
na usiku huu akipita karani akabisha hodi
sijui nitamwambia alilala wapi.

Nimeshika kitambaa.
Kesho nitafuta.
Au kesho kutwa.